Michael Faraday: Kutoka Kujalidi Vitabu Hadi Kuuzungusha Mwanga

Kila mwaka jarida hili la Chama chetu cha Kiswahili huwa na ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri waliotangulia mbele ya haki, na nikiangalia matoleo ya nyuma naona wengi wao ni wanasiasa na majemadari wa vita. Si vibaya. Lakini mwaka huu nimeomba nafasi hii nimwandike mtu ambaye hakupigana vita vyovyote wala hakugombea kiti popote. Jina lake ni Michael Faraday.

Nina sababu zangu mbili. Mimi ni mmoja wa wale wachache tuliobaki katika darasa la Fizikia baada ya kidato cha pili. Wengi walilihama somo hilo kama ndege wahamavyo mti uliokauka, wakisema eti Fizikia ni ya wenye vichwa vya hesabu. Hesabu zangu mimi si za kujivunia, mwalimu wangu ni shahidi. Basi niliposikia kwamba kulikuwa na mwanasayansi mkubwa ambaye maisha yake yote hakujua hesabu za juu, masikio yalisimama. Sababu ya pili ni kwamba kuna kazi inayofanywa na wanasayansi wa siku hizi, ya kutumia mwanga kuchunguza umeme unaopita juu ya uso wa vitu fulani vya ajabu. Nilipoifuatilia kazi hiyo kurudi nyuma, nikaikuta imeanzia mikononi mwa huyu huyu. Nitaieleza mbele, vuteni subira.

Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington Butts, mahali ambapo siku hizi pamemezwa na jiji la London. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyetoka kaskazini mwa Uingereza kutafuta riziki. Afya yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo kuna siku alishika nyundo na kuna siku alishinda kitandani. Watoto walikuwa wanne, Michael akiwa wa tatu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1801 bei ya nafaka ilipopanda, Michael alikuwa akipewa mkate mmoja, na mkate huo ulipaswa kumtosha wiki nzima. Hebu fikiria mvulana wa miaka 9 akiukata mkate vipande na kuhesabu siku. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo za kujumlisha na kutoa, basi. Hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipokomea.

Mwaka 1804 alipata kazi ya utumwa wa mkono na mguu kwa muuza vitabu mmoja aliyeitwa George Riebau, aliyekuwa na duka mtaa wa Blandford. Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka magazeti kwa wateja. Zamani hizo gazeti lilikuwa ghali, hivyo watu walikodi tu. Michael alilipeleka, akangoja lisomwe, kisha akalichukua na kulipeleka nyumba nyingine. Mwaka uliofuata Riebau akamwandikisha kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka 7. Kwa kawaida mzazi alitakiwa kulipa ada ili mwanawe afundishwe ufundi, lakini Riebau alimsamehe kwa sababu ya utumishi wake mwema. Sisi tunaorudishwa nyumbani kila muhula kufuata karo tunajua uzito wa jambo hilo. Bila huruma ya mwenye duka, hadithi hii ingeishia hapa.

Sasa, fundi wa kujalidi hushona kurasa, huzipaka gundi, hubandika ngozi, kisha hupokea kitabu kingine. Haombwi kusoma. Lakini Michael alisoma kila kilichopita mikononi mwake. Siku moja ikaja juzuu ya ensaiklopidia kubwa ya Uingereza, ndani yake mna makala marefu kuhusu umeme. Kikaja pia kitabu cha mama mmoja, Jane Marcet, kilichoeleza kemia kwa njia ya mazungumzo. Hapo kijana akanasa. Kwa senti zake chache alinunua chupa na vyuma akaunda mashine ya umeme, akajaribu mwenyewe yale aliyoyasoma, maana hakupenda kuamini jambo kwa kuwa tu limepigwa chapa. Tabia hiyo hakuiacha hadi uzeeni. Kulikuwa pia na mihadhara ya sayansi ya bwana mmoja aliyeitwa John Tatum, kiingilio shilingi moja. Michael hakuwa nayo. Kaka yake Robert, ambaye alikuwa mhunzi kama baba yao, ndiye aliyetoa shilingi hizo. Namtaja Robert kwa makusudi kwa sababu vitabu vingi humpita mbio.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tikiti za kwenda kusikiliza mihadhara minne ya Humphry Davy katika Royal Institution. Davy wakati huo alikuwa nyota. Mabibi na mabwana wa London walijaa kumtazama akiwasha na kulipua vitu. Faraday aliketi ghorofani juu, akaandika kila neno aliloweza, akarudi nyumbani akayanakili yote vizuri, akachora michoro ya vyombo, na kwa kuwa ufundi wenyewe ulikuwa mikononi mwake, akayajalidi yakawa kitabu cha kurasa karibu 300. Kitabu hicho alimtumia Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Ama kweli mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Davy alimwita, akamsikiliza, kisha akamshauri abaki na kazi yake ya vitabu kwa sababu sayansi hailipi. Kama angekuwa mwingine angekata tamaa. Lakini mapema mwaka 1813 msaidizi wa maabara ya Royal Institution alipigana na fundi wa vyombo, akafukuzwa. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja, Faraday akiwa anavua nguo alale, gari la farasi lilisimama mlangoni na mtumishi akashusha barua ya Davy. Tarehe 1 Machi 1813 akaajiriwa: shilingi 25 kwa wiki (za Kiingereza za wakati ule, si hizi zetu), vyumba viwili vya juu, na mishumaa. Alikuwa na miaka 21. Aliishi katika jengo hilo kwa muda wa karibu nusu karne.

Usidhani alipoingia mlango huo mambo yakawa mteremko. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Davy alifunga safari ya Ulaya na mkewe, na mtumishi wake wa nguo akakataa katakata kwenda Ufaransa ya Napoleon wakati wa vita. Davy akamwomba Faraday azibe pengo kwa muda tu. Muda huo ukawa mwaka mmoja na nusu. Aliwaona wakubwa wa sayansi, akina Ampère kule Paris na Volta kule Milan. Kule Florence alishuhudia almasi ikichomwa kwa miale ya jua kupitia lenzi kubwa, ikaisha yote ikawa hewa ya kaboni. Lakini bibi Davy alimfanya mtumwa, akamlisha mezani pamoja na watumishi. Mara kadhaa Faraday alikaribia kurudi nyumbani.

Wenzangu tuliobishana nao juu ya jambo hili husema Davy alikuwa mtu mbaya. Mimi sikubaliani nao kabisa. Ni kweli alimdhalilisha, na baadaye alimfanyia jambo baya zaidi. Mwaka 1821 Faraday aligundua jinsi ya kuufanya waya wenye mkondo wa umeme uzunguke sumaku bila kukoma ndani ya kikombe cha zebaki, na hicho ndicho babu wa mota zote. Alikimbilia kuchapisha bila kumtaja bwana Wollaston, ambaye alikuwa amejaribu jambo linalokaribiana na hilo. Minong'ono ikaenea kwamba kijana wa mhunzi ameiba wazo la mkubwa. Jina lake lilipopendekezwa Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho, alimtaka aliondoe. Faraday alikataa. Kura zilipopigwa mwezi Januari 1824, alichaguliwa, kura moja tu ikiwa ya kumpinga. Kura zilikuwa za siri, kwa hiyo kila mtu abaki na dhana yake. Hata hivyo, nani aliyefungua mlango mwaka 1813? Ni huyo huyo Davy. Mtu mmoja anaweza kukuinua na kukuonea gere ulipoinuka, na wala si ajabu, twaona hata hapa.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alimwoa Sarah Barnard mwaka 1821, na hawakujaliwa watoto. Aligeuza klorini kutoka hewa hadi kuwa maji mwaka 1823, akagundua benzini mwaka 1825. Lakini kuna kazi moja ya miaka hiyo ambayo si rahisi kuipita, ingawa wakati huo ilionekana kuwa hasara tupu. Royal Society ilitaka vioo bora vya darubini, na Faraday akapewa kazi ya kuviyeyusha. Alijenga tanuri, akaajiri mwanajeshi mstaafu, Sajini Charles Anderson, amsaidie kuchochea moto. Anderson alikuwa mtiifu mno. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja Faraday alisahau kumwambia aende nyumbani, na kulipokucha alimkuta bado anatia makaa. Kazi hiyo ilikula miaka, na darubini hazikunufaika kitu cha maana. Kilichobaki ni vipande vya kioo kizito sana, kilichochanganywa na risasi. Vikawekwa rafuni. Tuviache hapo kwanza.

Tarehe 29 Agosti 1831 ndiyo inayomfanya akumbukwe na wengi. Alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande huu na waya mwingine upande wa pili, bila nyaya hizo kugusana. Alipounga waya wa kwanza kwenye betri, sindano iliyowekwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoukata mkondo, ikatikisika tena. Kumbe umeme hauzaliwi na sumaku iliyotulia. Huzaliwa na mabadiliko! Ndugu zetu wa kidato cha nne ndio wanaolisoma somo hili, sisi bado, ila nimechungulia. Stima inayotoka Gitaru na Olkaria huzalishwa kwa njia hiyo hiyo, maji au mvuke ukizungusha mtambo na sumaku ikapita mbele ya waya.

Baada ya hapo alifanya kazi hadi kichwa kikachoka. Tangu mwaka 1839 alipatwa na kizunguzungu na kusahau. Mtu ambaye akili yake ndiyo mali yake pekee alianza kusahau mambo aliyoyafanya juzi. Mwaka 1841 mkewe alimpeleka Uswisi akapumzike milimani. Njia aliyoitumia kupambana na usahaulifu ni kuandika. Kila jaribio, lililofaulu na lililoshindwa, aliliandika katika daftari na kulipa nambari, na nambari hizo zilifika 16041. Kwa maoni yangu daftari hilo ni kitu kikubwa kuliko mashine zake.

Sasa tumefika mahali nilipokuwa nataka kuwafikisha.

Faraday aliamini moyoni kwamba nguvu zote za asili ni za ukoo mmoja. Umeme na sumaku alikwisha kuonyesha ni ndugu. Mwanga je? Watu wengi walidhani mwanga ni kitu kingine kabisa, hauna habari na sumaku. Mwaka 1845 akaamua kujaribu.

Ili tuelewane, chukua kamba ndefu, funga ncha moja mtini, ipitishe kati ya fito mbili za ua zilizosimama, kisha uitikise. Ukiitikisa juu na chini, wimbi litapita. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito zitalizuia. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote, lakini kuna njia za kuuchuja ukabaki unatikisika upande mmoja tu. Huo huitwa mwanga uliopolaraizwa. Ukiweka chujio la pili lililolala kinyume na la kwanza, mwanga wote huzuiwa, na kwa jicho huoni ila giza.

Faraday aliuchukua mwanga wa taa ya mafuta, akauchuja, akaupitisha katikati ya sumaku ya umeme, na mwishoni akaweka chujio la pili mpaka moto wa taa ukapotea machoni pake. Kati ya ncha za sumaku aliweka kitu hiki na kile: hewa, kioo cha kawaida, fuwele. Alipowasha sumaku, giza likabaki giza. Ndipo tarehe 13 Septemba 1845 alipokumbuka vile vipande vya kioo kizito vilivyokuwa vimelala tangu enzi za tanuri la Anderson. Kipande kimoja kilikuwa na inchi 2 kwa 1.8, unene nusu inchi. Akakiweka. Akawasha sumaku. Moto wa taa ukaonekana! Akazima sumaku, ukapotea. Maana yake ni kwamba ndani ya kioo kile sumaku iliuzungusha upande ambao mwanga ulikuwa unatikisika, ukapata kupenya chujio la pili. Kwa mara ya kwanza mwanadamu alikuwa ameona mwanga na sumaku vikiwa na uhusiano. Kazi ile ya hasara ya miaka mingi ndiyo iliyotoa kioo kilichohitajika.

Hakukomea hapo. Mwezi Novemba alikining'iniza kioo hicho kati ya ncha za sumaku kubwa, akaona hakivutwi bali kinasukumwa. Akajaribu vitu vingine vingi, na kilichosukumwa kwa nguvu kushinda vingi kilikuwa bismathi, metali nzito yenye rangi ya fedha iliyochanganyika na waridi. Tafadhali likumbukeni jina hilo, bismathi.

Turuke miaka. Mwaka 1877 Mskoti John Kerr, mwalimu wa chuo cha walimu kule Glasgow, alionyesha kwamba hata mwanga unaorudishwa na uso wa sumaku huzungushwa. Kwa hiyo mwanga ukipiga uso wa kitu na kurudi, unaweza kutupa habari za usumaku wa pale juu. Mwaka 1925 vijana wawili wa Uholanzi, George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, wakasema kwamba kila elektroni, zile chembe zinazobeba umeme, ina tabia iitwayo spini, na kwa tabia hiyo ni kama kisumaku kidogo. Katika waya wa shaba spini hizo huelekea huku na huku ovyo, kama watu sokoni siku ya gulio.

Lakini kuna vitu ambavyo wanasayansi huviita vihami vya topolojia. Kwa ndani kitu cha namna hii ni kihami, yaani hakipitishi umeme, lakini uso wake hupitisha. Ukikikata vipande viwili, uso mpya uliopatikana nao hupitisha. Ajabu zaidi ni kwamba katika uso huo spini imefungamana na safari. Fikiria njia ya kwenda mtoni ambapo kila aendaye amebeba mtungi bega la kulia, na kila arudiye amebeba bega la kushoto, na hakuna hata mmoja anayekosea. Ukiona bega, umejua mtu anaelekea wapi. Ndivyo zilivyo elektroni pale: zinazokwenda huku spini zao zimeelekea upande mmoja, zinazorudi zimeelekea upande wa pili. Kwa hiyo mkondo wa umeme hapo ni mkondo wa spini pia. Mwaka 2009 ilithibitika kwamba kiwanja mojawapo chenye tabia hii ni cha bismathi na seleniamu. Naam, bismathi ile ile!

Taabu ni kwamba mita ya umeme huhesabu elektroni zinazopita tu, haziulizi zimebeba mtungi bega gani. Ndipo mwanga unapohitajika. Upo mwanga ambao mtikisiko wake hujizungusha kama skrubu, ama kuume ama kushoto. Mwanga unaozunguka kuume huzisisimua zaidi elektroni zenye spini ya upande mmoja, na ule wa kushoto huzisisimua za upande wa pili. Wanasayansi wa MIT kule Marekani walichapisha mwaka 2012 jinsi walivyoumulika uso wa kiwanja hicho kwa leza iliyoinama, bila betri yoyote, na mkondo ukapita. Walipobadili mzunguko wa mwanga, sehemu ya mkondo huo iligeuka ikaelekea upande wa pili. Yaani waliziita elektroni kwa kutumia mwanga, na zilizoitika zikaonyesha spini zao kwa njia zilizoishika. Watu wanaoshughulika na mambo haya wana tumaini la kutengeneza kompyuta ambazo zitatumia spini kutunza habari, zisipate joto jingi kama hizi tulizo nazo.

Kisha mwaka 2016 wanasayansi wakiongozwa na wale wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walirudia jaribio la Faraday karibu vile vile: mwanga uliochujwa, sumaku, na utando mwembamba wa kiwanja hicho cha bismathi mahali pa kioo kizito. Mwanga wenyewe haukuwa wa kuonekana kwa macho, ulikuwa wa mawimbi marefu zaidi ya yale ya joto. Ulizunguka, lakini si kiasi chochote tu. Ulizunguka kwa ngazi maalumu, na kipimo cha ngazi hizo hakitegemei utando ulipikwaje. Kinatokana na namba moja ya asili iliyo karibu na 1 juu ya 137, ambayo huonyesha nguvu ya uhusiano wa mwanga na umeme popote ulimwenguni. Mzunguko huo wa mwanga kwenye vitabu huitwa kwa jina la Faraday. Mimi niliposoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Tumrudie mzee wetu. Faraday aliona mistari ya nguvu ikizunguka sumaku kwa jicho la akili, lakini hakuweza kuiandika kwa hesabu. Kazi hiyo ilifanywa na kijana Mskoti, James Clerk Maxwell, ambaye mwishowe alionyesha kwa hesabu kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya umeme na sumaku. Mwaka 1857 Faraday alimwandikia kumwuliza kama wanahesabu, baada ya kufika mwisho wa hesabu zao, hawangeweza kuyaeleza matokeo kwa lugha ya kawaida ili watu kama yeye nao wayafanyie kazi. Swali hilo nami huwa natamani kuliuliza, hasa siku ya Alhamisi kipindi cha pili.

Heshima hakuzitaka. Alikataa urais wa Royal Society. Alikuwa muumini wa kikundi kidogo cha Wakristo walioishi maisha ya kawaida, na aliridhika kuitwa Bwana Faraday. Alichopenda ni kufundisha. Alitoa mihadhara ya watoto wakati wa Krismasi kwa misimu 19, na ule wa mwaka 1860 kuingia 1861 ulihusu mshumaa tu, jinsi unavyowaka na kwa nini. Sisi tunaosomea kwenye koroboi tungeweza kumwuliza maswali mengi.

Tarehe 12 Machi 1862 alifanya jaribio lake la mwisho. Aliweka moto unaotoa mwanga wa rangi maalumu kati ya ncha za sumaku, akatazama kama rangi hizo zitabadilika. Hazikubadilika. Akaandika hivyo daftarini. Vyombo vyake ndivyo vilivyokuwa vidogo mno kwa kazi hiyo. Mwaka 1896 Mholanzi Pieter Zeeman alilirudia kwa vyombo bora, akaona mstari wa rangi umetanuka, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel yeye na Hendrik Lorentz. Kutanuka huko ndiko kulikokuja kusaidia watu kuifikia ile habari ya spini.

Tangu mwaka 1858 Malkia Victoria alikuwa amempa nyumba ya kuishi Hampton Court. Kumbukumbu zilizidi kumtoka, mwili nao ukadhoofu. Sajini Anderson alifariki mwaka 1866. Faraday alimfuata tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini pake. Nafasi ya kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wafalme ingepatikana, lakini yeye alitaka maziko ya kawaida. Alizikwa katika makaburi ya Highgate, London, na juu ya jiwe wakaandika jina lake, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa.